Mahali pa Watoto Katika Ramani ya Kijiji

Kijiji nilichozaliwa, katika milima ya Usambara wilayani Lushoto, kiko mbioni kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi. Mpwa wangu, ambaye ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, alinitumia kwa simu picha ya rasimu akitaka nitoe maoni. Nikaisoma mstari kwa mstari. Makazi yamo, mashamba yamo, msitu wa hifadhi umo. Vyanzo vya maji, makaburi na soko vimo pia, kila kimoja na ukubwa wake. Uwanja ulio chini ya shule, ambao ndio tambarare pekee ya maana upande ule wa mlima, umeandikwa kuwa eneo la biashara. Watoto hawakutajwa popote.

Najua jinsi mambo haya yanavyotokea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataka mgawanyo wa ardhi ya kijiji upitishwe na mkutano mkuu, na mkutano mkuu ni wa wakazi waliotimiza miaka 18. Asiyekuwepo na lake halipo. Mfugaji anahudhuria, anadai malisho. Mfanyabiashara anahudhuria, anaomba fremu za maduka. Mtoto wa miaka 9 saa hiyo yuko machungani, au yuko nyumbani amembeba mdogo wake mgongoni, na hakuna aliyetumwa kumsemea.

Rasimu ile imenirudisha mbali. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimefundisha shule za msingi za vijijini, kwanza Dodoma, halafu mkoani kwetu Tanga, na kila kituo kimenifundisha jambo kuhusu watoto na michezo yao. Nayaandika hapa kwa sababu naamini kwamba watoto wa vijijini hawajapungukiwa ubunifu wala hamu ya kucheza. Wanachopungukiwa ni mahali na muda, na vyote viwili vimo mikononi mwetu watu wazima.

Nianze na utoto wangu. Anayeyajua maisha ya milimani anajua thamani ya ardhi iliyonyooka. Kule kwetu nyumba hukaa mgongoni mwa kilima, migomba na mahindi hushuka ubavuni, na bondeni, penye maji na udongo mweusi, hulimwa kabichi, karoti na nyanya za kupeleka Dar es Salaam. Kila hatua ya tambarare ina bei. Hata hivyo, tulipokuwa wadogo mwanzoni mwa miaka ya 1980, uwanja ule wa shule ulikuwa wetu kuanzia kengele ya mwisho hadi giza lilipoingia.

Wavulana wakubwa walishika katikati na mpira wao wa matambara. Miaka ile iliyofuatia Vita vya Kagera bidhaa ziliadimika, na mpira wa dukani tuliusikia tu redioni, lakini sikumbuki siku tuliyokosa kucheza kwa ajili hiyo. Tulikusanya nguo kuukuu, tukazifunga kwa kamba za mgomba hadi zikashikamana, tukazivisha soksi. Pembeni wasichana walicheza rede: wawili wamesimama huku na huku wakirushiana mpira, na aliye katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku akiukwepa. Ili ushinde unahitaji macho mawili yanayofanya kazi tofauti, moja kwenye mdomo wa chupa, jingine kwenye mkono wa mrushaji. Nimewaona wasichana wakijaza chupa nzima bila kuguswa, magoti yamejaa vumbi, wakipiga kelele za ushindi zilizosikika hadi bondeni.

Njia ya kutoka barabarani hadi shule ilikuwa na mteremko mkali, nasi tuliugeuza kuwa mali. Tulitengeneza baiskeli za mbao: magurudumu mawili yaliyochongwa kwenye gogo gumu, ubao wa kukalia, usukani wa tawi lenye panda, na kipande cha tairi kuukuu nyuma cha kukanyaga ukitaka kupunguza mwendo. Grisi ya ekseli tuliiomba kwa fundi baiskeli wa sokoni. Ekseli ikikosa grisi, gurudumu huota moto na mti huanza kunuka. Tulijifunza hilo bila kitabu. Mtoto aliyechonga gurudumu lisilo la duara kamili alilijua kosa lake kabla hajafika kona ya kwanza, na kesho yake alikuwa na panga mkononi akilichonga upya.

Kutokana na miaka ile nimejenga imani ambayo haijanitoka: kabla hatujauliza tuwaletee watoto nini, tukatazame kwanza wanachokifanya tayari. Mtoto wa kijijini ni fundi. Ana miti, udongo, kokoto, mbegu na mabua, na ana wenzake wa marika yote, jambo ambalo wazazi wengi wa mjini hawawezi kulinunua. Uwanja wetu ulitupa zaidi ya nafasi ya kukimbia. Ulizungukwa na nyumba, kwa hiyo mama aliyekuwa akipepeta mahindi barazani alituona bila kutulinda, na ugomvi ukizidi alipaza sauti mara moja tu. Usalama wetu ulitoka kwa watu wale. Karatasi ya kuulinda uwanja haikuwepo, na wakati huo hakuna aliyedhani kwamba itakuja kuhitajika.

Baada ya Chuo cha Ualimu Korogwe nilipangiwa kituo mkoani Dodoma, katika kijiji cha Wagogo. Nilifika huko mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kijiji kilikuwa kimepangwa wakati wa kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa: nyumba katika mistari, ofisi katikati, shule pembeni, na uwanja mpana kuliko wowote niliowahi kuuona kwetu milimani. Nilipouona nilisema moyoni kwamba hapa watoto watacheza mpaka wakinai.

Wavulana walicheza kweli. Wachungaji wadogo walifinyanga ng'ombe wa udongo kwenye kingo za korongo, ng'ombe wenye nundu na pembe, madume na mitamba, wakawajengea mazizi ya miiba na kuwauza kwa kokoto. Kuna mtoto mmoja aliyeweza kunieleza kila ng'ombe wake wa udongo amezaliwa na yupi. Wasichana, hata hivyo, sikuwaona uwanjani. Kengele ya kutoka ikilia walipotea kama umande juani. Nilikuja kuwakuta Jumamosi moja kisimani, nilipokwenda kuchota maji yangu mwenyewe.

Foleni ya ndoo ilikuwa ndefu, na kisima kilihitaji kusubiriwa ili maji yajikusanye. Kando ya foleni palikuwa na kishimo kidogo chenye kokoto, na wasichana wanne walikikalia kwa kukizunguka. Walicheza mdako. Mmoja alirusha kokoto yake juu. Kabla haijashuka, vidole vimekomba kokoto zote kutoka shimoni na mkono umerudi kuidaka ile ya juu. Akarusha tena, akazirudisha zote shimoni isipokuwa moja, akadaka. Wenzake walihesabu kwa sauti, na aliyekosea alitoka bila kuambiwa. Foleni iliposogea, aliyefikiwa aliinuka akasogeza ndoo yake, na mwingine akakalia nafasi yake. Wachezaji walibadilika tangu asubuhi hadi jua la utosi. Kishimo na kokoto vilibaki palepale. Nilitambua kwamba nimeukuta uwanja wa wasichana wa kijiji kile. Ulikuwa na upana wa kiganja, na ulikuwepo kwa sababu tu maji yalichelewa kujaa.

Baada ya muda maji ya bomba yakasogezwa hadi karibu na ofisi ya kijiji. Safari ya kwenda kisimani ikafupika sana, na sisi walimu tulitarajia kuwaona wasichana uwanjani jioni. Hawakuja. Muda uliookolewa ulijazwa na kuni, kutwanga, kuosha vyombo na kulea wadogo. Katika mkutano wa wazazi, mama mmoja alisema kwa uchungu wa kweli, "Mwalimu, nikimwacha binti akae bure si nitakuwa namfundisha uvivu?" Mama mwenzake aliyekaa nyuma yake akamjibu kabla yangu: "Na kaka yake aliyeko mpirani tangu mchana, yeye tunamfundisha nini, dada yangu?" Mkutano ulicheka, kisha ukanyamaza, maana kila mmoja alikuwa na kaka na dada nyumbani kwake.

Mazungumzo ya siku ile yalizaa matunda kidogo kidogo. Mwalimu mkuu alipiga marufuku wasichana kutumwa kuchota maji ya shule peke yao. Zamu ikawa ya wote, na kufagia vilevile. Kamati ya shule ikakubaliana na wazazi kwamba jioni mbili kwa wiki wasichana wabaki uwanjani baada ya masomo, na anayelea mdogo wake aje naye. Uwanja ulijaa. Watoto wachanga walilazwa juu ya khanga chini ya mti, bibi mmoja wa jirani akajitolea kuwaangalia, na rede ikarudi katikati ya uwanja badala ya pembeni. Nilijifunza hapo kwamba miundombinu pekee haimpi mtoto muda. Bomba linaweza kuokoa saa mbili za msichana, lakini saa hizo zitakuwa zake pale tu wazazi watakapoamua hivyo.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za pampu iliyobuniwa Afrika Kusini, bembea ya kuzunguka ambayo watoto wakiisukuma wakicheza, maji yanapanda kwenye tangi. Wafadhili wengi waliipenda. Mwaka 2006 ilizinduliwa kampeni nchini Marekani ya kukusanya dola milioni 60 ili kufunga pampu 4,000 barani Afrika. Gazeti la The Guardian la Uingereza lilipopiga hesabu mwaka 2009, lilionyesha kwamba ili pampu moja itosheleze watu 2,500 waliokusudiwa, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku. Waandishi waliokwenda Msumbiji walikuta wanawake wazima wakiisukuma bembea kwa taabu ili wapate ndoo ya maji. Nilipoyasoma hayo niliwakumbuka wasichana wa kisimani. Wao walijipatia mchezo ndani ya kazi kwa hiari yao. Mchezo unapopangiwa kiwango cha uzalishaji hugeuka kazi, na watoto huutambua upesi kuliko wahandisi.

Mwaka 2002 ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ada ilikuwa imeondolewa, na watoto wakamiminika shuleni. Ilikuwa furaha kubwa, na nitaitetea daima. Katika shule niliyokuwa wakati huo, ndani ya mkoa uleule, watoto walikaa watatu hata wanne kwenye dawati, na madarasa mapya yalihitajika haraka. Wananchi walijitolea kufyatua tofali. Madarasa yakajengwa uwanjani, kwa kuwa hapo hapakuhitaji kung'oa visiki wala kulipa fidia ya shamba la mtu. Kila darasa lilihitajika. Lakini hakuna kikao kilichouliza watoto walioongezeka maradufu watakimbilia wapi wakati wa mapumziko. Kipande kilichobaki kikaachiwa timu ya shule iliyojiandaa na mashindano ya shule za msingi, ambayo leo tunayajua kwa jina la UMITASHUMTA. Wachezaji wa timu walikuwa wachache. Mamia waliobaki walisimama kandokando ya kuta.

Watoto hawakuacha kucheza. Walihamia kwenye mashimo yaliyochimbwa udongo wa tofali, nyuma ya kijiji, ambako hakuna nyumba inayotazama. Kiangazi yalikuwa mahali pazuri pa kuruka na kujificha. Mvua za Januari zilipoyajaza, mtoto wa darasa la pili alizama humo mchana, wenzake wakiwa wanamtazama bila kujua la kufanya. Nilikuwa miongoni mwa waliokwenda kumtoa. Msibani watu walisema watoto wa siku hizi hawasikii. Mimi nilifikiri, na bado nafikiri, kwamba mtoto yule alikwenda mahali pekee tulipomwachia. Kijiji kisipotenga mahali pa kucheza, watoto watapatenga wenyewe: barabarani kunakopita malori na bodaboda, kwenye mashimo, kwenye kisima kisicho na mfuniko. Kufukia shimo la tofali baada ya ujenzi ni kazi ya siku chache kwa watu wachache. Uwanja wa watoto huanza na kazi kama hiyo, kabla ya bembea ya kwanza kununuliwa.

Kuna kipindi shule hiyohiyo ilipata wafadhili. Waliweka bembea za chuma, bati la kuserereka na mnara wa kupanda, vyote vimepakwa rangi za kupendeza. Siku ya uzinduzi watoto waliimba, viongozi wakahutubia, na kwa majuma ya mwanzo nilifurahi kuwaona watoto wakipanda na kushuka bila kuchoka. Kisha mambo yakaanza kujitokeza moja baada ya jingine. Bati la kuserereka lilitazama magharibi bila kivuli, na kwa jua la Dodoma halikuguswa kuanzia saa nne asubuhi. Mtoto mdogo aliyejaribu aliungua mapaja. Mnyororo wa bembea ya kwanza ulikatika kwenye pete. Fundi wa kuchomelea alikuwa mjini, nauli yake ilizidi bei ya pete yenyewe, na fedha hiyo haikuwa kwenye fungu lolote la shule. Eneo likazungushiwa uzio, ukawekwa mlango, mlango ukafungwa kufuli ili vilivyobaki visiharibike. Hatimaye vyuma vikaanza kupungua usiku mmoja mmoja, vikiishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Siwalaumu waliotoa, walitoa kwa moyo. Lakini swali la kwanza la kifaa chochote cha watoto kijijini liwe hili: kikivunjika, nani hapahapa ataweza kukitengeneza, na kwa fedha ya nani? Kifaa kisicho na jibu hilo huwa ni mapambo ya mwaka mmoja.

Nilipohamia wilaya ya Muheza nilipata nafasi ya kuona jibu. Kamati ya shule iliamua kutengeneza sehemu ya kuchezea kwa nguvu ya kijiji. Walianza kwa kuwauliza watoto. Walipewa vijiti wachore ardhini wanachokitaka, na michoro yao ilitushangaza wengi. Walichora kivuli. Walichora mahali pa kuficha mwili, kilima cha kupanda, mahali pa kukaa na marafiki. Bembea zilikuwamo, lakini hazikuwa nyingi kama tulivyodhani.

Kazi ilifanywa na fundi seremala mmoja na vijana waliojitolea. Nguzo zilikuwa za mkaratusi. Sehemu ya kuzikwa ilipakwa oili chafu ili mchwa asiile, na fundi alihakikisha haivuki usawa wa ardhi, kwa sababu mikono ya watoto haipaswi kuigusa. Kamba zilikuwa za katani, zao la mkoa wetu, na kila muhula zilikaguliwa mafundoni, mahali zinapoanzia kulika. Tairi chakavu zilizikwa nusu ziwe vikwazo vya kuruka, na nyingine zikaning'inizwa. Kila tairi ilitobolewa matundu chini ili maji ya mvua yatoke na mbu wasizaliane humo, na zile zilizolika hadi kuonyesha nyaya zilikataliwa, maana waya huo hukata nyama kama wembe. Chini ya bembea ulimwagwa mchanga mwingi wa mtoni badala ya kuacha ardhi ngumu. Mambo haya ni madogo, lakini ndiyo yanayotenganisha mahali pa mchezo na mahali pa majeraha.

Nilikuja kusoma kwamba jambo linalofanana na hili lilikwisha kufanyika Ulaya. Mwaka 1943, katika mtaa wa Emdrup jijini Copenhagen, mbunifu wa bustani C. Th. Sørensen alipata mahali pa kutekeleza wazo lake la siku nyingi: uwanja ambao watoto wangepewa mbao, matofali na mabaki ya ujenzi wajenge wenyewe, kwa kuwa alikuwa amegundua kwamba watoto hupenda zaidi kucheza kwenye mabaki kuliko kwenye viwanja alivyowabunia. Watoto wetu wameishi hivyo daima. Wanachohitaji kutoka kwetu ni kuheshimiwa katika hilo, na kuondolewa hatari ambazo wao hawawezi kuziona.

Kamati ya Muheza iliamua jambo jingine la busara: sehemu ile iliwekwa kati ya shule na zahanati. Siku za kliniki akina mama walikaa kwenye benchi wakisubiri kupima watoto uzito, na watoto wakubwa walicheza mbele ya macho yao. Hakuhitajika mlinzi wala kufuli. Wazazi waliokuwa wakiwazuia binti zao kwa kuhofia usalama wao jioni walianza kuwaruhusu, kwa sababu palionekana kutoka barabarani na watu wazima hawakukosekana.

Hapo ndipo nilipomwona mvulana mwenye mguu uliopinda tangu kuzaliwa. Mara zote wenzake walimpa kazi ya kuwa mwamuzi, naye aliikubali kwa sababu hakuna nyingine aliyopewa. Siku moja kwenye kombolela, watoto wenyewe walibadili sheria: yeye ajifiche kama wote, na akitaka kuwakomboa waliokamatwa, amtaje mwenzake mmoja akimbie kwa niaba yake. Hakuna mwalimu aliyewashauri. Tangu siku ile alicheza. Nilipeleka habari hiyo kwenye kamati, wakatengeneza kijia kilichosawazishwa hadi kwenye kivuli, na bembea moja ikawekewa egemeo la mgongo. Watoto walikuwa wametangulia kumkaribisha. Sisi tulimalizia kazi ya mikono.

Nikiyaweka haya yote pamoja, sioni kwamba tunakosa sheria. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, inatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa maelezo marefu juu ya ibara hiyo mwaka 2013, na iliwataja kwa namna ya pekee wasichana, watoto wa familia maskini na watoto wenye ulemavu kuwa ndio wanaoikosa zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya hapa kwetu, katika kifungu cha 8, imeweka haki ya kucheza na kupumzika kwenye orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto wa hadi miaka 8. Na tangu mwaka 2024 Umoja wa Mataifa umeitenga Juni 11 kuwa siku ya kimataifa ya mchezo wa watoto. Msingi upo. Umekwama mahali fulani njiani kati ya Dodoma na ofisi ya mtendaji wa kijiji.

Kwa hiyo nimemjibu mpwa wangu, na namjibu kila mjumbe wa halmashauri ya kijiji anayesoma hapa. Kabla mkutano mkuu haujapitisha mpango, uwanja wa watoto uandikwe kwa jina lake, upimwe, uwekewe alama za mipaka, na uingizwe kwenye muhtasari wa kikao kama makaburi na vyanzo vya maji vinavyoingizwa. Kama soko linahitaji nafasi, litafutiwe mteremko unaoweza kuchongwa. Duka linaweza kusimama juu ya ngazi, mchezo wa rede hauwezi. Vitongoji vilivyo mbali na shule vipate vipande vyao, hata vidogo, karibu na bomba, mashine ya kusaga au zahanati, mahali ambapo watu wazima wapo tayari. Mashimo ya tofali yafukiwe. Kabla ya uamuzi wowote, watoto waulizwe, wasichana kwa wavulana, na wenye ulemavu wawe wa kwanza kuulizwa, kwa kuwa mahali panapowafaa wao panamfaa kila mtu.

Wafadhili wakija, wakaribishwe kwa masharti. Watoe nguzo, kamba na vifaa vya fundi wa kijijini, na wamlipe seremala wa hapo ajue kutengeneza na kukagua. Kamati ya shule iwe na fungu dogo la matengenezo, hata kama ni la kununua kamba tu. Walimu nao wanayo nafasi yao: mapumziko yasigeuzwe adhabu wala kazi za mikono, na timu ya shule isiwe sababu ya kuwafukuza wengine uwanjani.

Lililo gumu zaidi nimelibakiza kwa wazazi wenzangu, kwa sababu haliwezi kupitishwa na mkutano wowote. Ugawaji wa kazi nyumbani ndio unaoamua nani atacheza. Kaka akichota ndoo moja na kuosha vyombo vya mchana, dada anapata nusu saa yake kabla jua halijazama. Mtoto anayecheza hakai bure. Anajifunza kupima mwendo wa mpira, kukubali kushindwa, kutunga sheria na kuzibadili kwa ajili ya mwenzake asiyeweza kukimbia. Utoto ni mfupi, na aliye na miaka 7 leo hatakuwa nayo tena tutakapokuwa tumepata bajeti. Ardhi kijiji kinayo, mafundi kinao, miti na kamba vipo. Kilichobaki ni uamuzi wetu, na uamuzi huo hauhitaji kusubiri mtu kutoka nje.